Mteja wako wa kwanza hayuko Marekani, yuko hapa Migori

Pengine ujumbe huu umekufikia kwenye grupu la WhatsApp: jifunze kutengeneza tovuti kwa wiki mbili, tukuunganishe na wateja wa Marekani, ulipwe kwa dola. Tuma kwanza shilingi 1,500 za usajili. Halafu chini kuna namba ya simu ya mtu binafsi, si till wala Paybill ya kampuni yoyote.

Kijana mmoja tunayemfahamu, jirani kabisa hapa Migori mjini, alituma. Wiki iliyofuata akaambiwa atume 2,000 za "kuthibitisha akaunti". Kisha 3,500 za "kufungua kazi" ambayo eti tayari ilikuwa inamsubiri. Jumla 7,000. Pesa zilikuwa za mamake, anayeuza omena sokoni, na mama alikuwa ameziweka za kununulia stoki. Namba ile ikazimwa. Tulipokutana naye baadaye hakulalamika sana kuhusu pesa. Alisema tu kwamba mambo ya tovuti ni uongo na hataki kuyasikia tena.

Hilo ndilo lililotuuma zaidi, kwa sababu kazi ipo, na yeye ni mtu ambaye angeiweza.

Tuseme kwanza sisi ni nani. Tulisomea masoko chuo kikuu, si kompyuta. Baada ya kumaliza tulikaa nyumbani kama wengine, tukituma barua za kazi bila kujibiwa, na katika kipindi hicho ndipo tulipojifunza kutengeneza tovuti na kuanza kuziuza. Hatukutajirika. Lakini tulikula, tukalipa nyumba, na tukajifunza mambo ambayo hakuna video iliyotufundisha. Kwa hivyo tunayosema hapa ni maoni yetu, na tunajua wapo ambao hawatakubaliana nasi: kijana wa Migori au Homa Bay anayetaka kujitegemea kwa kutengeneza tovuti asianze kwa kumtafuta mteja wa ng'ambo. Aanze na gesti, zahanati, shule ya binafsi na duka la hardware analoweza kulifikia kwa miguu.

Kujifunza hakuna ada ya usajili

Lugha za kuanzia ni tatu. HTML inaweka vitu kwenye ukurasa: kichwa, picha, namba ya simu. CSS inavipamba na kuvipanga. JavaScript inavipa uhai, kama menyu inayofunguka ukiigusa, au fomu inayomwambia mtu kwamba namba yake ya simu imepungua tarakimu moja. Hizo tatu, basi. Anayekuambia uanze na kitu kingine chenye jina la kutisha anakuuzia kozi.

Na zote zinafundishwa bure. freeCodeCamp imekuwa ikifundisha bure tangu 2014, na hata vyeti vyake havilipiwi. MDN ya Mozilla ndiyo kamusi ambayo hata mafundi wakongwe huirudia kila siku. The Odin Project ni ndefu na ngumu zaidi, kwa mwenye subira. Serikali nayo ina mpango wa Ajira Digital, ambao mafunzo yake ni ya bure, kwa hivyo ukiona mtu anakutoza "fomu ya Ajira" jua umekutana na tapeli.

Tatizo la kweli ni kwamba masomo mengi yako kwa Kiingereza kizito. Sisi tulisoma wawili wawili. Mmoja anasoma, kisha anamweleza mwenzake kwa Kiswahili au Kijaluo kile alichokielewa. Mara nyingi ilitokea kwamba hakuelewa chochote, alikuwa amekariri tu, na ni vizuri kugundua hivyo mapema. Ukitazama video kumi mfululizo utajihisi fundi. Sasa zima video, fungua ukurasa mtupu, ujaribu kujenga kile kile bila kuangalia. Hapo ndipo masomo yanapoanza, na hapo ndipo wengi wetu huenda kupika chai.

Kuhusu vifaa: simu inatosha kusomea, haitoshi kuandikia. Lakini usikimbilie kuchukua mkopo wa simu ili ununue laptopu. Ndiyo, tunaandika haya tukiwa ndani ya kampuni ya malipo, na bado tunakuambia usikope. Tumia saibaa, au maabara ya chuo kama wewe ni mwanafunzi wa Rongo au Tom Mboya, mpaka umalize HTML na CSS. Ukifika hapo na bado una hamu, sasa tafuta laptopu ya mitumba. Wengi wataacha kabla ya hapo, na ni afadhali mtu aache akiwa hana deni.

Muda? Kwetu ilikuwa kama miezi sita ya masaa mawili kila jioni kabla hatujathubutu kumwomba mtu pesa. Wiki mbili ni uongo.

Gesti ya jirani ni shule kuliko kozi

Kozi itakufundisha kutengeneza tovuti ya duka la kubuni linalouza viatu huko California. Mwenye gesti karibu na stage ya Migori atakufundisha kitu kingine kabisa. Kaa naye nusu saa umuulize: watu wakikupigia simu huwa wanauliza nini? Atakuambia: bei, maji ya moto, maegesho, kama kuna breakfast, na ni umbali gani kutoka stage. Hayo matano ndiyo tovuti yake. Haitaki picha inayozunguka wala maneno ya "karibu katika ulimwengu wa starehe".

Halafu kuna uzito. Wateja wake wanafungua tovuti kwa simu, kwa bando waliyonunua asubuhi. Picha moja iliyopigwa kwa simu nzuri inaweza kufika MB 4. Weka kumi na umemla mtu MB 40 kabla hajaona bei ya chumba. Zikipunguzwa vizuri, picha hizo zinaweza kushuka chini ya KB 200 kila moja na jicho lisione tofauti. Ndani ya Chrome ya kompyuta kuna sehemu ya wajenzi wa tovuti inayokuwezesha kuigiza mtandao wa polepole. Chagua 3G, fungua ukurasa wako, uhesabu sekunde. Sisi tulipofanya hivyo mara ya kwanza tuliona aibu. Na kile kiungo cha HTML kinachoanza na "tel:", kinachofanya namba ikiguswa ipige simu yenyewe, ni mstari mmoja tu wa kazi, lakini mama mwenye gesti alikifurahia kuliko rangi zote tulizochagua kwa siku tatu.

Jambo jingine ambalo utajifunza hapa na si kwenye kozi za ng'ambo ni malipo. Masomo mengi ya kigeni yanakufundisha kuweka kitufe cha kadi. Mteja wa Awendo hana kadi, ana simu. Jifunze kutumia Daraja, mlango wa M-Pesa kwa watengenezaji wa programu. Kujiandikisha ni bure na kuna sehemu ya majaribio. Ukielewa jinsi tovuti inavyotuma ombi, simu ya mnunuzi ikaonyesha kidirisha cha kuweka PIN, kisha jibu likarudi kwenye tovuti kwamba amelipa au ameghairi, una ujuzi ambao mwenzako wa Bangalore au Manila hana sababu ya kuwa nao.

Si kila biashara inahitaji tovuti, na tuwe wakweli kuhusu hilo. Mama wa kibandani akikuambia "mimi nina WhatsApp, tovuti ya nini?" yuko sahihi. Usimuuzie. Anayeihitaji ni yule ambaye wateja wake wanatoka mbali na hawamjui. Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe huko Nyatike, iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Mtu aliyeko Nairobi au Berlin akitaka kuja kuiona anatafuta kwenye simu mahali pa kulala. Vivyo hivyo anayekwenda Rusinga kuona kaburi la Tom Mboya, au anayeingia mbuga ya Ruma. Gesti isiyoonekana mtandaoni inapitwa na mtu kama huyo bila hata kujua kwamba amepita.

Na kama mteja anataka WordPress, mpe WordPress. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia, si aibu. Siku ikiharibika, aliyejifunza HTML na CSS atajua pa kushika. Ni hivyo hivyo na programu za akili bandia zinazokutolea ukurasa kwa dakika moja: zitumie, lakini haziwezi kwenda kwa mama kumuuliza kuhusu maji ya moto.

Tulivyokosea sisi

Kazi yetu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya gesti moja ambayo hatutaitaja. Tulikubaliana shilingi 18,000, kwa mdomo, tukiwa tumesimama mlangoni. Hatukuomba chochote mbele, tuliona aibu kumwambia mtu mzima kama mzazi wetu atupe pesa kabla ya kuona kazi. Tulidhani ni wiki mbili, ikawa tano. Kila tukimaliza, mwenyewe alikuwa na kitu kipya: wekeni menyu ya chakula, wekeni picha za harusi, ndugu yangu anasema rangi si nzuri. Hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha kwamba hayo hayakuwa kwenye makubaliano. Mwishowe tulipata 6,000, kwa vipande vipande, kipande cha mwisho kikiwa shilingi 700.

Ungedhani hadithi inaishia hapo tukiwa sisi ndio tulioonewa. La. Domeni yake, yaani lile jina la tovuti linaloishia na .co.ke, tulikuwa tumeisajili kwa jina letu na barua pepe yetu. Domeni hulipiwa upya kila mwaka. Ilani ya kulipia ilikuja kwenye barua pepe ambayo tulikuwa tumeacha kuifungua. Tovuti ikazimika Desemba, wakati watu wa Nairobi wanarudi nyumbani na vyumba vinatafutwa. Mama alipiga simu na hakugomba, aliuliza tu kwa upole, "Wanangu, mmenifungia duka kwa sababu ya ile pesa?" Hatukuwa tumefanya makusudi, lakini tungemthibitishiaje?

Tangu siku hiyo domeni inasajiliwa kwa jina la mteja na barua pepe yake mwenyewe, hata kama tunalazimika kumfungulia barua pepe hiyo tukiwa tumekaa naye mezani. Bei na kazi vinaandikwa. Si lazima iwe mkataba wa wakili, ujumbe wa WhatsApp ambao mteja amejibu "nimekubali" unakusaidia: kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi (sisi tunasema mawili), lini, na pesa ngapi. Nusu inalipwa kabla hatujaanza. Aibu ile tuliimaliza kwa kutambua kwamba fundi wa mbao hapa hapa Migori haendi kununua mbao za kitanda chako bila dipositi, na hakuna anayemwona mkorofi. Asiyeweza kulipa nusu mwanzoni hataweza kulipa yote mwishoni.

Pesa ikishaingia

Hapa ndipo mtu aliyejifunza vizuri kabisa huangushwa.

Ujumbe si pesa. Kuna watu wanaotuma SMS iliyoandikwa sawasawa na ile ya malipo, yenye namba ya muamala na kila kitu, kisha wanakuambia washa tovuti sasa hivi, kuna mgeni anasubiri. Angalia jina la aliyetuma SMS, kisha angalia salio lako mwenyewe kabla hujafanya lolote. Mteja wa kweli atasubiri dakika mbili.

Mwingine atakuambia amekosea, ametuma 15,000 badala ya 5,000, rudisha 10,000 haraka kwa namba hii nyingine. Usirudishe kwa mkono, tena kwa namba tofauti. Hakikisha kwanza kama kuna pesa iliyoingia kweli, na kama ipo, mwambie apitie huduma kwa wateja ya mtandao wake ili kosa lisahihishwe kwa njia yake. Ukirudisha mwenyewe na yeye pia akaomba irudishwe, unaweza kubaki ukivutana kuhusu pesa ile ile mara mbili.

Tenganisha pia pesa ya kazi na pesa ya unga. Chukua till, hata kama una mteja mmoja. Mwisho wa mwezi taarifa yake itakuonyesha nani amelipa nusu na nani bado, jambo ambalo kwenye laini yako ya kawaida limechanganyika na pesa ya boda na michango ya matanga. Shule au kampuni kubwa kidogo itakuomba ankara ya eTIMS, kwa hivyo PIN ya KRA iwe tayari. Na PIN ya simu yako haihusiani na kazi hii hata kidogo. Hakuna mteja, mwalimu wala mtandao wa kazi unaoihitaji.

Na hizo dola?

Rafiki zetu wa Nairobi wanatucheka wanaposikia 18,000. Wanasema pesa iko nje. Ni kweli iko, lakini hebu tupige hesabu. Fiverr inakata asilimia 20: kazi ya dola 100 unabaki na 80, kabla hujalipia kuzitoa. Upwork unaomba kazi kwa kutumia alama wanazoziita Connects, na zikiisha unazinunua. Hizo si utapeli, ni ada zilizoandikwa wazi, lakini mgeni asiye na kazi ya kuonyesha anaweza kuzimaliza kwa wiki moja akishindana na mtu mwenye sifa 400 za wateja. Ukija ukiwa na tovuti tatu zinazofanya kazi, za watu halisi wanaoweza kupigiwa simu, wewe si yule mgeni tena. Na njia ya kuleta pesa nyumbani ipo, tangu 2018 unaweza kuhamisha kutoka PayPal hadi M-Pesa.

Kitu kimoja tu tunakikataa kabisa: akaunti za kukodi. Mtu anakuambia tumia akaunti yangu ya Upwork, tutagawana. Mtandao wenyewe unakataza, akaunti inaweza kufungwa wakati wowote, na pesa zote zinaingia kwa jina lake. Umefanya kazi mwezi mzima na huna hata ujumbe mmoja wa kuonyesha kwamba ulikuwepo.

Yule jirani yetu alirudi, ilichukua muda. Tulimwonyesha freeCodeCamp kwenye simu, akauliza mara mbili kama kweli hakuna pesa ya kutuma. Sasa anatengeneza ukurasa wa shule moja ya chekechea: karo, siku za kufungua, namba ya mwalimu mkuu, basi linapita wapi. Waliandikiana 8,000. Ijumaa iliyopita 4,000 ziliingia, na anasema alifungua salio, akalifunga, akalifungua tena. Mamake naye ametuuliza kama biashara ya omena inahitaji tovuti. Tulimwambia hapana mama, kwa sasa WhatsApp inatosha, ila hiyo till ibandike mahali mteja anaiona.